Je, Wajua Pumba za Mpunga Zinafanya Nini Tumboni mwa Mbwa?

Mashine za kukoboa mpunga za Ifakara hazitoi mchele peke yake. Hutoa pia maganda makavu, yale ya kuchomea matofali, na pumba laini zenye mafuta. Hizi laini ndizo mbwa wengi wa Bonde la Kilombero hupikiwa, zikichanganywa na ukoko wa wali na dagaa au mabaki ya kambale.

Wanga wa chakula hicho mbwa anaumudu. Mwaka 2013 Erik Axelsson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walionyesha kuwa mbwa wa kufugwa ana nakala 4 hadi 30 za jeni la amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga. Mbwa mwitu wa kijivu, jamaa yake wa nchi za mbali, ana 2 tu.

Nyuzinyuzi ni habari nyingine. Mbwa hana kimeng'enya chochote cha kuvunja selulosi inayozijenga, kwa hiyo nyuzinyuzi hufika kwenye utumbo mpana karibu kama zilivyoliwa. Huko zile za pumba, ambazo nyingi haziyeyuki katika maji, hukipa kinyesi ujazo na kukisukuma mbele. Za boga na viazi vitamu zina sehemu kubwa zaidi inayoyeyuka: hunyonya maji zikawa uteute, na bakteria wa utumboni huzichachua na kutengeneza butireti, asidi ambayo seli za ukuta wa utumbo huitumia kama chakula. Ndiyo maana boga lililopikwa humfaa mbwa aliyefunga choo, na huweza kumfaa pia anayeharisha kidogo.

Hata mbwa mwitu wa Afrika walio katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ng'ambo ya bonde, hawaishi kwa mnofu mtupu. Humla swala pamoja na vipande vya ngozi, manyoya na kano, vitu vigumu kumeng'enywa ambavyo huenda hufanya sehemu ya kazi hiyohiyo.

Lakini pumba hushibisha kuliko zinavyolisha, na anayeumia zaidi ni mtoto wa mbwa. Tumbo lake dogo hujaa kabla hajapata protini ya kutosha. Isitoshe, pumba zina faiteti, kemikali inayoyakamata madini ya zinki yasifyonzwe, na mtoto wa mbwa anayekosa zinki hudumaa na kutoka magamba kwenye ngozi. Huyo apewe dagaa kwanza, pumba ziwe kidogo sana.

Pumba zipikwe zikiwa mpya kutoka mashineni, kwa sababu mafuta yake huanza kuchacha ndani ya siku chache. Zilizoota ukungu zitupwe kabisa: sumukuvu huharibu ini la mbwa upesi. Maganda yabaki kwenye tanuri la matofali, maana yamejaa silika inayokwaruza utumbo.

Kipimo cha kila siku kiko uani. Kinyesi kikiwa kingi mno kuliko chakula alichokula, huku mbavu zikianza kuonekana, punguza pumba, ongeza samaki.