Nafasi tupu zinazogombanisha waunda programu, na kwa nini mfanyabiashara asizipuuze

Katika soko lolote la mpakani, muuzaji na mnunuzi wasipokubaliana juu ya kipimo, biashara hugeuka ugomvi. Mmoja anahesabu kwa gunia, mwingine kwa debe, wa tatu anataka kilo. Mizani ikiwekwa katikati, ubishi unaisha. Si kwamba kilo ni bora kuliko debe, bali pande zote zinasoma namba ile ile.

Ubishi wa namna hiyo upo pia kwa watu wanaounda programu za simu na kompyuta, zikiwamo zile ambazo wafanyabiashara hutumia kutuma fedha, kuhesabu mali stoo na kujaza fomu za forodha. Wao hubishana juu ya nafasi tupu inayoachwa mwanzoni mwa mstari. Anayelisikia jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani ni mzaha. Hata hivyo, nafasi hiyo imewahi kuficha kosa lililoweka hatarini siri za watumiaji wa simu duniani kote.

Mstari ukisogea, maana inasogea

Programu ni maagizo yanayoandikwa mstari baada ya mstari, na maandishi hayo huitwa msimbo. Mistari iliyo chini ya sharti fulani husogezwa ndani kidogo, yaani hujongezwa, ili msomaji aone inahusu sharti lipi. Mfano ni maagizo ambayo tajiri anaweza kumwachia utingo wa lori lake:

Mvua ikinyesha:
    funika mzigo
    simama mpaka ikatike
Piga simu ukifika mpakani

Mistari miwili iliyojongezwa inahusu mvua tu. Wa mwisho unahusu safari yote. Mstari huo wa mwisho ukisogezwa ndani, utingo atapiga simu siku ya mvua pekee, na siku ya jua tajiri atasubiri hadi usiku bila habari. Hakuna neno lililobadilika hapo. Kilichobadilika ni nafasi tu.

Lugha za kompyuta hazifanani katika jambo hili. Katika Python, lugha iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, kompyuta hufuata nafasi kama utingo wa mfano huo. Katika lugha ya C na nyingi zilizotokana nayo, kompyuta haijali nafasi, bali hufuata mabano yanayofungua na kufunga kila fungu la maagizo. Nafasi ni kwa ajili ya macho ya binadamu, na hatari huanzia hapo: jicho linaweza kuona jambo moja huku mashine ikitenda jingine.

Kosa la mstari mmoja

Tarehe 21 Februari 2014, kampuni ya Apple ilitoa marekebisho ya dharura ya programu inayoendesha simu zake za iPhone. Kasoro ilikuwa katika sehemu ya msimbo wa C inayohakiki kama tovuti ambayo simu inazungumza nayo ndiyo yenyewe, au ni tapeli aliyejivika jina lake.

Kazi ya sehemu hiyo inafanana na ya mkaguzi wa stakabadhi. Kila hatua ilisema: ukiona kasoro, ruka mpaka mwisho utoe jibu. Katika hatua mojawapo, agizo la kuruka liliandikwa mara mbili. La kwanza lilikuwa chini ya sharti. La pili lilijongezwa sawasawa na la kwanza, hivyo kwa macho nalo lilionekana liko chini ya sharti. Lakini mabano hayakuwapo, na kwa kompyuta agizo hilo la pili lilikuwa huru. Lilitekelezwa kila mara, kuwe na kasoro au kusiwe nayo.

Matokeo yake, simu iliruka hatua ya kuhakiki saini na kufika mwisho ikiwa haijarekodi kasoro yoyote. Jibu likawa "sawa". Mtu aliyekaa kwenye mtandao mmoja na mwenye simu, kwa mfano Wi-Fi ya hoteli au ya uwanja wa ndege, angeweza kujifanya benki na kusoma yanayotumwa. Kosa hilo lilikuwamo tangu toleo la Septemba 2012, karibu mwaka mmoja na nusu, bila kukamatwa.

Kujongeza peke yake hakukuzaa kosa hilo, bali kulilificha. Kama msimbo ungepitishwa kwenye programu ya kunyoosha mistari, agizo la pili lingerudishwa nje ya sharti, mahali pake halisi, na msomaji angeliona. Mwaka 2016, toleo la 6 la GCC, programu mashuhuri ya kugeuza msimbo wa C kuwa lugha ya mashine, liliongezewa onyo kwa mistari iliyojongezwa kwa namna ya kupotosha.

Tabo au nafasi?

Ikiwa kujongeza kuna uzito huo, kwa nini timu hushindwa kukubaliana? Sababu ni kwamba njia ni mbili, na kila moja ina watetezi wenye hoja.

Kundi la kwanza hutumia kitufe cha tabo, kilicho ukingoni kushoto mwa kibodi. Kundi la pili huhesabu nafasi moja moja, mara nyingi mbili au nne. Mwongozo wa Linux, uliotokana na mwanzilishi wake Linus Torvalds, unaagiza tabo yenye upana wa herufi nane. Mwongozo wa Python wa mwaka 2001, unaojulikana kama PEP 8, unapendekeza nafasi nne.

Wanaotetea nafasi husema msimbo wao huonekana vile vile kwenye kila kompyuta. Wanaotetea tabo husema kila mtu ana haki ya kuchagua upana unaofaa macho yake. Hoja hiyo ina uzito zaidi kwa waunda programu wasioona wanaosoma kwa vidole kwenye kifaa cha breili, ambako nafasi nyingi humaliza sehemu ndogo ya kusomea.

Lililo baya kuliko yote ni kuchanganya. Faili yenye tabo hapa na nafasi pale inaweza kuonekana imenyooka kwenye kompyuta ya aliyeko Nairobi, ikafika Kigali imepinda. Python toleo la 3 hukataa kabisa kuendesha faili iliyochanganywa kiasi cha kuleta utata.

Mwamuzi asiye na upande

Dawa ambayo timu nyingi zimeifuata ni kukabidhi uamuzi kwa mashine. Lugha ya Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, ina programu yake iitwayo gofmt inayonyoosha msimbo wote kwa mtindo mmoja wa tabo. Kwa Python ipo Black, iliyoanza mwaka 2018, ambayo hutumia nafasi nne na kwa makusudi haimpi mtumiaji mengi ya kuchagua. Hakuna anayepata kila alichotaka, lakini wote wanapata muda uliokuwa unapotea kwenye mabishano.

Timu inayoanza huchagua mtindo mmoja na kuuandika katika faili inayokaa pamoja na msimbo. Kisha huweka programu ya kunyoosha, ili kila kazi ipite humo kabla ya kupokelewa. Msimbo wa zamani hunyooshwa kwa mkupuo mmoja, bila kuchanganya na mabadiliko mengine, ili kosa jipya lisijifiche katikati ya maelfu ya mistari iliyosogezwa. Git, programu ya kutunza kumbukumbu za msimbo, tangu toleo la mwaka 2019 inaweza kuruka mkupuo huo inapotafuta nani aliandika mstari upi.

La kumuuliza fundi

Mfanyabiashara anayeagiza programu ya mauzo au ya stoo halazimiki kujua tabo ni nini. Lakini fundi akiondoka, mwingine ataitwa, naye atatozesha muda wa kusoma kazi ya mwenzake. Msimbo uliopinda husomwa polepole, na anayelipia muda huo ni mwenye duka.

Kabla ya kutoa malipo ya awali, maswali mawili yanatosha. Je, timu yenu ina mtindo mmoja wa kuandika msimbo? Na je, unasimamiwa na mashine au na kumbukumbu za mtu? Fundi makini atajibu papo hapo. Atakayecheka na kusema hayo ni mambo madogo, aulizwe kama anaijua habari ya Februari 2014.