Likizo ya Uzazi: Tarehe Zisizopaswa Kupita

Mfanyakazi mjamzito anapaswa kumwarifu mwajiri wake kwa maandishi angalau miezi 3 kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, akiambatisha cheti cha daktari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 endapo atajifungua zaidi ya mtoto mmoja.

Baba anastahili siku 3 zenye malipo. Siku hizo sharti zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Muda huo ukipita, haki hiyo hupotea.

Malipo ya likizo hutolewa na mwajiri. Mafao ya uzazi ya NSSF ni dai jingine, nayo hutegemea michango ya mwanachama. Ni vema mama akague taarifa ya michango yake mapema, kwani pengo lililobainika kabla ya kujifungua hufuatiliwa kwa urahisi zaidi.

Mwajiri akikataa kutoa likizo, mgogoro huo huwasilishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60. Nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa itunzwe, ndiyo ushahidi.