Muunganisho wa kidijitali katika kurekodi sauti

Kipaza sauti, yaani maikrofoni, si spika, hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme unaopanda na kushuka kwa kuufuata. Umeme huo huitwa mawimbi ya analojia. Kompyuta, kwa upande wake, huhifadhi namba tu. Kwa hiyo anayerekodi kwaya nyumbani kwake Nangara, mjini Babati, huhitaji kigeuzi katikati. Kifaa chenye kigeuzi hicho huitwa kiolesura cha sauti, nacho huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB.

Kigeuzi huupima umeme mara nyingi kila sekunde: kwa kiwango cha CD, mara 44,100, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Kabla ya kigeuzi, waya mbovu huweza kuokota mvumo wa umeme, nao ukarekodiwa pamoja na nyimbo. Baada yake hupita namba tu. Waya wa USB ulio mzima hauboreshwi na bei. Mwenye fedha kidogo na aanzie upande wa kipaza sauti.

MIDI, iliyoanza mwaka 1983, isichanganywe na hayo: husafirisha maelekezo ya noti, si sauti.