Zebaki na Aseniki Zikikutana Mwilini

Kwa wachimbaji wadogo wa Geita, zebaki ndiyo inayosemwa. Semina huihusu, na mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata unaodhibiti matumizi yake. Lakini anayechoma dhahabu havuti moshi wa zebaki peke yake. Mawe ya ukanda huo yana aseniki ya asili. Karasha likiyasaga, vumbi humwingia mchimbaji puani. Marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yakirundikwa, mvua huyasukuma kuelekea mitoni na visimani.

Watafiti wa chuo kikuu cha afya kilichoko Bugando, Mwanza, na wenzao wa Canada waliwafuatilia wajawazito na watoto wao katika maeneo ya machimbo kaskazini mwa Tanzania. Matokeo waliyochapisha mwaka 2021 yalionyesha kuwa uwezekano wa ubongo wa mtoto kuchelewa kukua ulikuwa mkubwa zaidi pale mama alipokuwa na zebaki na aseniki nyingi kwa pamoja.

Sumu hizi zote mbili hung'ang'ania salfa iliyomo katika protini, na zote humaliza glutathioni, kinga ambayo mwili huitumia kupambana na sumu. Ni wadai wawili wa mfuko mmoja: deni la kila mmoja ni dogo, lakini mfuko unakauka. Metali ya risasi nayo ikiongezeka, hali huwa mbaya zaidi, kwani hupenya utumbo kwa njia inayopitisha madini ya chuma. Mjamzito aliyepungukiwa na madini hayo hufyonza risasi nyingi zaidi.

Si kila mchanganyiko huzidisha madhara. Tangu miaka ya 1930 wanasayansi walibaini kuwa aseniki hupunguza ukali wa seleniamu kwa wanyama, na seleniamu yenyewe hushikamana na zebaki na kuipunguzia makali. Kwa hiyo kujumlisha tu hakutoshi; lazima ijulikane nani amekutana na nani.

Viwango tunavyotumia, hata hivyo, huhesabu sumu moja moja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza aseniki isizidi mikrogramu 10 kwa lita ya maji. Kisima chenye 9 hufaulu, hata kama mnywaji anashinda kwenye moshi wa zebaki.

Kliniki za wajawazito machimboni zipime zebaki, aseniki na risasi kwa pamoja, na zisiache kutoa vidonge vya madini ya chuma. Halmashauri ziondoe makarasha na uchomaji dhahabu kwenye makazi. Kumpima mama zebaki tu, kisha kumwambia yuko salama, ni kumdanganya.