Kioo cha Taa Kikivunjika

Katika nyumba inayotumia taa ya chemli, kioo hupasuka mara kwa mara. Sababu ni kwamba kioo hupitisha joto polepole. Tone la maji likiangukia kioo cha moto, mahali pale husinyaa ghafula, na sehemu nyingine ingali imetanuka, basi hupasuka.

Kikivunjika, kwanza tuzime utambi, tuwashe taa nyingine, tuwaondoe watoto na tuvae viatu. Vipande vikubwa tuviokote kwa kitambaa kizito. Vidogo tuvifagie, kisha tupanguse sakafu kwa kitambaa chenye maji, kwa maana chembe ndogo hunata humo. Asubuhi, jua likiwa chini, tutazame tena: zilizobaki zitametameta. Vyote tuvifukie katika shimo refu, tusivitupe jaani wachezapo watoto pekupeku.

Kioo cha dirisha chenye ufa chaweza kushikizwa kwa karatasi na gundi ya unga wa ngano mpaka kipatikane kipya. Lakini kioo cha taa tusikibandike karatasi kamwe, kwani itawaka. Heri kulala gizani usiku mmoja kuliko kuunguza nyumba.