Kompyuta ya Michezo Inapozima Mchezo Ghafla: Kagua Kichakataji Kabla ya Kununua Kadi Mpya

Katika kompyuta ya mezani iliyoundwa kwa ajili ya michezo, kadi ya michoro ndiyo aghalabu humgharimu mlaji zaidi. Kwa hiyo mchezo unapojifunga ghafla, na skrini ikaandika kwa Kiingereza kwamba memori ya video imekwisha, jambo la kwanza linalomjia mwenye mashine na fundi wake ni kubadili kadi hiyo. Tunashauri wasifanye haraka. Kwa kompyuta za aina moja, ujumbe huo umewapotosha wengi: kadi ilikuwa nzima, na kilichokuwa kikiharibika ni kichakataji.

Tunazungumzia vichakataji vya mezani vya Intel Core vya kizazi cha 13 na cha 14, hasa i9, i7, na i5 zenye herufi K. Julai 2024 Intel yenyewe ilitangaza kwamba maelekezo ya ndani ya vichakataji hivyo yalikuwa yakiomba volteji kubwa kupita inavyostahili. Volteji hiyo, ikiambatana na joto, huchakaza kichakataji kidogo kidogo. Ndiyo sababu mashine iliyotulia miezi mingi huanza kuyumba baadaye bila mwenyewe kubadili chochote.

Dalili hujitokeza zaidi mchezo unapofunguliwa mara ya kwanza. Wakati huo mafaili yaliyobanwa hufunguliwa na michoro hutayarishwa, kazi nzito ambayo hufanywa na kichakataji, si kadi. Kosa dogo la hesabu hapo hutosha kuharibu data, na programu, isiyojua kosa limetoka wapi, huilaumu kadi. Wengine huona skrini ya bluu, au programu mpya zikikataa kusakinishwa kwa madai kwamba faili ni bovu.

Sababu za kawaida zisisahauliwe: vumbi, feni iliyokufa, umeme dhaifu, au memori iliyopandishwa kasi kupita kiwango chake cha kawaida. Hizo huondolewa kwanza, tena kwa gharama ndogo. Tatizo likibaki, mwombe fundi apunguze kidogo kasi ya juu kabisa ya kichakataji katika mipangilio ya BIOS, kisha ujaribu mchezo uleule. Ukitulia, kichakataji ndicho cha kushukiwa. Programu ya Intel ya kupima vichakataji nayo inafaa, ila kufaulu jaribio lake si uthibitisho kwamba kichakataji ni kizima.

Masahihisho ya volteji yalitolewa kwa awamu, na lile lililounganisha yaliyotangulia, liitwalo 0x12B, lilitangazwa Septemba 2024. Humfikia mlaji kupitia BIOS mpya ya mtengenezaji wa ubao mkuu. Andika msinfo32 katika kisanduku cha kutafutia cha Windows uone tarehe ya BIOS yako. Ikiwa ni ya kabla ya mwezi huo, sasisho hilo huna. Kazi ya kulisakinisha isianzwe umeme ukiwa wa kusuasua, kwa kuwa kukatika katikati kunaweza kuua ubao. Tumia UPS. Baada ya hapo chagua mipangilio ya kawaida ya Intel, si ile ya kuongeza kasi.

Hapa tunaomba msomaji awe makini. Sasisho huzuia uharibifu. Haliponyi kichakataji kilichokwisha kuharibika. Fundi anayesakinisha BIOS mpya na kusema kazi imekwisha, ilhali mchezo ungali ukijifunga, hajamaliza kazi. Kichakataji hicho kinahitaji kubadilishwa, na si lazima kwa fedha yako.

Agosti 2024 Intel iliongeza miaka miwili kwenye dhamana ya vichakataji vilivyoathirika, ikafikia miaka mitano tangu tarehe ya kununua. Aliyenunua cha kizazi cha 13 kilipoingia sokoni Oktoba 2022 ana hadi Oktoba 2027. Kichakataji kilichouzwa ndani ya boksi lake hudaiwa kwa Intel moja kwa moja. Kilichokuja ndani ya kompyuta iliyokwisha kuunganishwa hudaiwa kwa aliyeiuza au kuiunda. Namba zinazohitajika katika dai zimo kwenye lebo ya boksi, kwa hiyo boksi tupu lisitupwe. Risiti iwe na jina kamili la kichakataji. Iliyoandikwa “kompyuta 1” haikusaidii sana.

Anayenunua mashine iliyotumika yenye kichakataji cha aina hii adai risiti ya kwanza na aombe mchezo mzito ufunguliwe mbele yake. Muuzaji akikataa kupokea dai halali, mwandikie barua, ukieleza tarehe ya ununuzi, dalili na majaribio yaliyofanywa, kisha uiwasilishe nakala yake kwetu pamoja na risiti.