Ukuta huo usiuguse kwanza!

BASI bwana, mshikaji wangu mmoja kapata fremu mbili zinazopakana hapa Mchafukoge, kwenye ghorofa la zamani. Akataka ziwe duka moja la nguvu. Kizuizi ni ukuta wa katikati tu.

Fundi kaja na nyundo kubwa, kaugonga mara tatu, katoa hukumu: "Huu wa kugawa tu, kaka. Jioni nakukabidhi."

Nikamuuliza, "Juu yake kuna nini?"

"Juu wanakaa watu."

Mwili ukanisisimka. Jiji hili halijasahau Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi lilipoanguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 likaporomoka jingine Kariakoo, wakafa zaidi ya 20. Visa ni tofauti, lakini somo ni moja: mzigo haupotei. Ukiuondolea pa kukaa, unashuka.

Tukamwita mhandisi aliyesajiliwa. Hakugonga ukuta, alipanda ngazi. Huko juu akakuta ukuta mwingine umekaa sawasawa juu ya ule wetu. Akarudi akakagua slabu imelalia wapi. Jibu: ukuta unabeba!

Je, ndiyo haubomoleki? Unabomoleka, ila kwa mpango. Kwanza ridhaa ya mwenye nyumba, mchoro wa mhandisi na kibali cha halmashauri. Halafu slabu inashikiliwa kwa mirunda ya chuma pande zote mbili za ukuta, chini na juu ikiwekewa mbao nene. Inapitishwa bimu ya chuma, ncha zake zikakaa kwenye nguzo zenye msingi wake. Pengo kati ya bimu na slabu linashindiliwa saruji, inaachwa ikomae. Hapo ndipo tofali zinatolewa moja moja, kuanzia juu kwenda chini. Mirunda inatoka mwisho, kidogo kidogo, mhandisi akiwepo. Bimu ikiwa ya zege na nondo, zege hupewa kama siku 28.

Mshikaji alinung'unika: gharama imepanda, duka limechelewa. Lakini siku mirunda ilipotoka tulisimama kimya tukiangalia juu. Watoto wa pale ghorofani walikuwa wanaruka kamba, vishindo tu. Ufa? Hakuna hata mmoja.

Kwa hiyo dada, kaka, fundi akikwambia "wa kugawa tu", mwambie apande juu kwanza akaangalie.